Jumatano Zilizokuwa Safi Mno

Nilijua naandikwa kabla sijajua ni nani anayeniandika. Kila nilipopanda ngazi kwenda juu ya paa la jengo letu kule Njiru, mlango mmoja wa ghorofa ya nne ulikuwa wazi kiasi cha upana wa kiganja, na nilipofika kwenye kona ya mwisho nilisikia kalamu ya kubonyeza ikilia, tik. Nikishuka, tik nyingine.

Aliyekaa nyuma ya mlango ule alikuwa mzee mmoja mwenyeji wa magharibi mwa nchi, karani wa reli aliyestaafu. Aliishi peke yake. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akiandika treni: imeingia saa ngapi, imetoka saa ngapi, ina mabehewa mangapi. Hayo niliambiwa na Mama, ambaye huwajua majirani wote kwa sababu husimama kuwaamkia hata akiwa na haraka. Mimi sikuwa na desturi hiyo. Nilimpita mzee na kusema "Shikamoo" bila kungoja kuitikiwa, nikaendelea na kazi yangu.

Kazi yangu ilikuwa kupima jua. Nikisema hivyo watu hucheka, kwa hiyo nieleze kidogo. Nilikuwa nasomea shahada ya pili, na mada yangu ilikuwa chembe zinazoelea hewani: vumbi, moshi, masizi, vitu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja. Mwanga wa jua ukipita katikati ya chembe hizo hupungua. Ukijua jua lina nguvu kiasi gani huko juu kabla halijaguswa na chochote, kisha ukapima limefika chini likiwa na nguvu kiasi gani, tofauti hiyo ndiyo inayokuambia hewa imebeba nini siku hiyo.

Kifaa alikitengeneza mwalimu aliyenisimamia. Kilikuwa kisanduku cheusi cha kushika kwa mkono mmoja, chenye tundu mbele na kioo cha nambari ubavuni. Tulikiita kipimajua. Unakielekeza juani bila kulitazama jua lenyewe, ukifuata kitone cha mwanga kinachoanguka nyuma ya kisanduku mpaka kikae katikati ya duara, halafu unasoma nambari kubwa zaidi itakayojitokeza. Kisha unaziba tundu kwa kidole na kusoma tena. Hiyo ya pili tuliiita nambari ya giza, yaani ile ambayo kifaa hutoa hata kikiwa hakioni kitu. Unaiandika kwenye karatasi pamoja na saa na hali ya mawingu, unarudisha kisanduku kwenye kasha la bati lililofungwa kwa kufuli kando ya mlango wa paa, unashuka. Saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa alasiri.

Mwalimu alichagua Njiru kwa sababu pale ndipo jiji linapochoka na nyanda kavu zinapoanza. Upepo wa Januari hutufikia ukiwa umekwisha kupita juu ya nchi isiyo na majani, na hapo karibu kuna machimbo ya mawe ambayo huongeza vumbi lake. Kwenye kompyuta ya chuo tulikuwa na modeli, programu inayochukua upepo, unyevu na ukavu wa ardhi, ikakokotoa vumbi kiasi gani linafaa kuwa juu ya kila mahali. Nilitakiwa kusema kama modeli inalijua anga letu au inalikisia tu.

Tatizo lilikuwa siku. Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na Mama alitoka asubuhi kila siku kwenda kwenye kibanda chake cha ushonaji Kariokor. Siku hizo tatu nyumbani kwetu hapakuwa na mtu. Mwalimu akampa mwenzangu wa darasa kazi ya kuzishika. Alikuwa kijana wa Donholm, mcheshi, aliyevaa kofia ileile ya kitambaa mvua na jua. Utafiti wake mwenyewe ulitegemea nambari hizohizo, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kuja. Nilimpa ufunguo wa pili wa kufuli, nikamwonyesha ngazi.

"Niaje, daktari," aliniambia siku hiyo, kama alivyoniita tangu tulipoanza masomo. "Wewe shika siku zako, mimi nishike zangu. Tutamaliza hii kitu fiti."

Nilimwamini. Niliamini kwa sababu sikuwa na muda wa kufanya jambo lingine.

Kwenye jengo majirani hawakumwamini hata mmoja wetu. Miezi michache kabla ya hapo watu wawili waliobeba kifaa cha miguu mitatu walikuwa wamepita mtaani kwetu wakipima na kuandika, na wiki iliyofuata nyumba kadhaa za upande wa bondeni zikakutwa zimepakwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Hakuna aliyejua rangi ile imetoka ofisi gani. Wengine walisema barabara inapanuliwa, wengine wakasema hati za ploti ni za uongo. Tangu hapo mtu yeyote aliyeonekana na kifaa mkononi alitazamwa kwa jicho la pembeni.

Mama aliulizwa kwenye bomba la maji.

"Wameniuliza unapima nini," aliniambia jioni hiyo akivua viatu. "Nimewaambia jua. Wakanyamaza, kisha yule wa duka akasema, jua linapimwa ili iweje?"

"Ukawaambia nini?"

"Ningewaambia nini, mwanangu? Hata mimi sikujua. Nikajitwika mtungi nikaja zangu."

Siku chache baadaye mzee wa reli alinisimamisha ngazini. Alikuwa amevaa sweta ingawa joto lilikuwa kali, na kalamu ilikuwa imechomekwa kwenye mfuko wa shati.

"Binti, wewe unafanya kazi na nani?"

"Nasoma, mzee. Niko chuo."

"Chuo gani kinachopima paa za watu?"

"Sipimi paa. Napima jua, vumbi lililo hewani. Hiki hapa, shika uone."

Hakukishika. Alirudisha mikono nyuma kama mtu aliyeletewa karatasi ya kutia sahihi. "Wale wa mara ya mwisho nao walituambia wanatafuta njia ya maji," alisema. "Haya, endelea." Akaingia ndani, na kabla sijafika juu nikasikia tik.

Mwishoni mwa Februari mwalimu alituita ofisini. Alikuwa amechora mistari miwili kwenye kioo cha kompyuta, mmoja wa modeli na mwingine wa vipimo vyetu. Siku za mwenzangu zilikaa juu ya mstari wa modeli vizuri, zikipanda unapopanda na kushuka unaposhuka. Zangu zilitawanyika huku na huku. Karibu kila siku nilikuwa nimepata vumbi jingi kuliko lililotarajiwa, halafu Jumapili linashuka ghafla.

"Mkono wako hautulii," mwalimu aliniambia. Hakuwa mkali, na hilo liliniuma zaidi. "Kitone kisipokaa katikati utapata mwanga pungufu, na utadhani ni vumbi. Labda mwenzako achukue siku zote, wewe ubaki na hesabu."

Mwenzangu alikuwa amekaa pembeni yangu, kofia magotini. Nilitegemea aseme kitu cha utani, kwa maana alikuwa na utani kwa kila jambo. Alitazama sakafu tu.

"Nipe wiki mbili, mwalimu," nilisema. "Niangalie nimekosea wapi."

Nilianza nikijishuku mimi. Nilipanda na kupima mara kumi mfululizo nione kama nambari zinacheza. Zilicheza kidogo sana. Mkono wangu ulikuwa sawa. Niliifuta lenzi iliyo ndani ya tundu, nikabadilisha betri, nikapima tena. Kisha nikajiuliza kwa nini Jumapili zangu zilikuwa safi, nikasimama pale juu nikatazama upande wa machimbo. Siku za kazi kulikuwa na wingu jepesi la rangi ya unga wa mtama limesimama juu yake. Jumapili halikuwapo. Modeli haikuwa na habari ya machimbo yale, ni madogo mno kwake. Basi nambari zangu hazikuwa mbaya, zilikuwa zinaona kitu ambacho modeli haikioni.

Niliruka kwa furaha peke yangu pale juu ya paa. Kisha furaha ikaniishia nusu njia. Machimbo yalifanya kazi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa vilevile. Nilikuwa nasikia milio ya mawe yakipasuliwa nikitoka asubuhi kwenda kufundisha. Sasa vumbi la siku hizo lilikwenda wapi? Jumatano za mwenzangu zilikuwa safi mno.

Nilichukua karatasi zake zote nikaziweka mezani karibu na zangu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu asiye na haraka. Nilipitia safu ya nambari za giza. Kifaa kile kilikuwa na tabia yake: kikipata joto, nambari ya giza hupanda kidogo. Kwenye karatasi zangu ilikuwa ya chini asubuhi na ya juu alasiri, na hakuna siku mbili zilizofanana. Kwenye karatasi zake, wiki mbili za mwanzo ilikuwa hivyohivyo. Baada ya hapo ilikuwa nambari moja. Asubuhi, mchana na alasiri, mwezi na zaidi, nambari moja ileile.

Nilitafuta sababu ya kumtetea. Labda alichoka kuziba tundu akawa anarudia nambari ya jana, uvivu mdogo tu. Nilimpigia simu.

"Zile nambari za giza," nilisema. "Huwa unazipima kila mara?"

"Kila mara. Kwani?"

"Hazibadiliki."

"Si ni vizuri, daktari? Inamaanisha kifaa kiko sawa."

"Na huwa unapanda siku zote tatu?"

"Zii, sasa hiyo ni swali gani? Napanda. Unanichunguza?"

Nilimwambia hapana. Nilipokata simu nilikuwa namchunguza tayari. Nilianza kukumbuka mambo: kwamba kasha la bati nililikuta Jumamosi limekaa nilivyoliacha Jumanne, na utando wa buibui juu yake. Kwamba hakuwahi kulalamika kuhusu zile ngazi, yeye aliyelalamikia kila kitu. Hata kule kutazama kwake sakafu ofisini nilikukumbuka, na kila nilipokukumbuka kulizidi kuwa kwa hatia. Ndivyo shaka inavyofanya kazi. Haihitaji chakula kipya, hujilisha kwa kile ulichonacho.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kama kijana yule alipanda au hakupanda.

Nilibisha mlango wa mzee Jumatatu moja, saa nne asubuhi. Alifungua kiasi kilekile cha kiganja.

"Mzee, naomba msaada."

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nataka kujua kama yule kijana mwenye kofia huwa anakuja siku ambazo mimi sipo."

Alichungulia ngazini nyuma yangu. Nadhani alikuwa akipima kama huo ni mtego. Kisha akafungua mlango wote.

Chumba kilikuwa kisafi, kitanda kimetandikwa kwa mstari ulionyooka. Mezani, chini ya dirisha lililotazama ukingo wa paa nilikopimia, palikuwa na daftari la jalada gumu, jeusi, na kurasa zake zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, saa ya kupanda, saa ya kushuka, nani, maelezo. Nilijiona mara moja. "Binti. Saa 3:04. Saa 3:11. Kisanduku cheusi, ameelekeza juu." "Binti. Saa 6:02. Saa 6:15. Amesimama akitazama machimbo, ameruka." Palikuwa na fundi wa tangi, palikuwa na mama wa ghorofa ya pili aliyepanda kuanika nguo. Na palikuwa na "Kijana, kofia", wiki ya kwanza mara tisa, wiki ya pili mara tisa, wiki ya tatu mara moja. Baada ya hapo hakuwapo tena.

"Una hakika, mzee? Labda ulikuwa umelala."

Niliona nimemkosea. "Nimeandika treni miaka mingi," alisema taratibu. "Treni ingepita mimi sijaiandika, watu wangekufa. Silali mchana."

Alikataa nilichukue daftari, hata kulipiga picha kwa simu hakutaka. Aliniruhusu kunakili pale mezani huku amesimama nyuma yangu. Nilinakili siku za kijana zote. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimezoea kukagua, nikafungua karatasi zangu mwenyewe nikaanza kuzilinganisha nazo. Jumamosi sawa. Jumapili sawa. Jumatatu sawa. Nikafika Jumanne moja ya Februari ambayo karatasi yangu ilikuwa na vipimo vitatu, na daftari la mzee halikuwa na Binti hata mara moja.

"Mzee, siku hii ulikuwepo?"

Alivaa miwani, akainama. "Nilikuwepo. Fundi wa tangi alikuja, si unaona? Wewe hukupanda."

"Nilipanda. Hizi hapa nambari."

"Hukupanda, binti."

Nilijitahidi kuikumbuka Jumanne ile. Ilikuwa wiki ya mitihani ya shule. Nakumbuka rundo la karatasi za wanafunzi mezani na chai iliyopoa. Sikukumbuka jua. Nambari zangu tatu zilikuwa nzuri, nambari ya giza ilikuwa ya chini asubuhi na ya juu alasiri kama inavyotakiwa. Lakini mtu anayekijua kifaa vizuri angejua kuiandika hivyo.

Mpaka leo sijui. Inawezekana mzee alikwenda chooni mara tatu kwa bahati mbaya. Inawezekana pia nilikaa mezani siku ile nimechoka, nikajiambia anga linafanana na la jana, nikajaza. Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara anayejibu ni mtu yuleyule anayeshukiwa.

Nilipokuwa nakusanya karatasi, mzee alikaa kitandani.

"Nimekusaidia," alisema. "Sasa na wewe uniambie kweli. Tutabomolewa lini?"

"Sijui, mzee. Wallahi sijui. Twende juu nikuonyeshe ninachofanya."

Alikubali. Tulipanda pamoja, nikampa kipimajua, na safari hii alikishika. Mkono wake ulitulia kuliko wangu. Alipata kitone katikati kwa mara ya kwanza, akasoma nambari kwa sauti, akaangalia saa yake ya mkononi, akaniambia niandike. Nilidhani nimemshinda. Tulipofika mlangoni kwake akasema, "Kifaa ni kizuri. Ila anayetumwa si lazima ajue alichotumwa." Akafunga mlango.

Jumamosi nilikwenda Donholm. Mwenzangu alinikuta kwenye benchi la saruji mbele ya maduka karibu na kwao. Alikuja akitabasamu, lakini aliponiona nimebeba bahasha tabasamu likapungua. Nilimwekea mbele nakala ya tarehe.

"Ni nini hii?"

"Ni siku ulizopanda. Ni wiki mbili na siku moja."

Aliisoma yote, taratibu. "Nani ameandika?"

"Mzee wa ghorofa ya nne."

Akacheka, kicheko kikavu. "Unamwamini yule mzee? Yule ndiye aliyenifukuza!"

Sikuelewa. Ndipo akaniambia. Jumatano ya wiki ya tatu alikuwa ameshuka kutoka juu, akakuta wanaume wanne wamesimama ngazini, wapangaji wa chini na mwenye duka. Mzee alikuwa nyuma yao ameshika daftari wazi, akisoma: kijana huyu alikuja siku hii, na hii, na hii, alielekeza kifaa upande huu. Wakamuuliza ametumwa na nani kupima ploti. Akawaambia chuo. Mmoja akamshika kola. Wakamwambia wakimwona tena na kile kisanduku hatashuka kwa miguu yake.

"Hawakunipiga," alisema. "Lakini nilisimama pale nikitetemeka kama mtoto. Nilitembea kwa miguu mpaka barabara kuu, sikutaka mtu anione."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie naogopa ngazi za kwenu? Wewe unapanda kila siku, hakuna anayekushika kola. Wewe ni binti wa mama fulani. Mimi ni nani pale?" Alivua kofia akaikunja. "Nilifikiri ni siku moja tu. Nikachukua nambari ya modeli, nikarudi nyuma kwa hesabu mpaka nikapata nambari za kifaa. Kisha ikawa wiki. Modeli si ilikuwa inajua tayari?"

"Haikujua. Haina habari ya machimbo."

"Sasa najua," alisema.

Nilitaka kumhurumia na nikashindwa, kwa sababu nilikuwa najiuliza kama hadithi ya ngazini ni ya kweli au ni nambari nyingine aliyoirudia nyuma kwa hesabu. Aliliona swali hilo usoni mwangu. Alisimama.

"Nenda ukamwulize yeye," alisema. "Si unamwamini?"

Nilimwuliza mzee jioni ileile. Hakukana wala hakuona haya. "Niliwasomea niliyoyaona," alisema. "Waliyofanya wao si yangu."

"Na mimi je? Mbona mimi hamkunishika?"

"Mama yako alituambia wewe ni mtoto wake."

Nilimweleza Mama yote. Alisikiliza huku akipindia nguo ya mtu, sindano haikusimama. Mwisho akasema, "Ungemleta yule kijana hapa siku ya kwanza akala chakula, watu wangemwona anaingia kwetu, hayo yote yasingetokea. Ulimpa ufunguo tu." Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Kwa mwalimu nilikwenda Jumatatu. Nilimweleza nambari za giza, machimbo, kijana, ngazi. Alivua miwani akasugua macho. Kwanza alinikasirikia mimi, kama watu wanavyomkasirikia mleta habari, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwaonyesha wenzake ule mstari mzuri. Kisha akauliza swali nililokuwa nikilitarajia na kuliogopa njia nzima.

"Na siku zako? Kuna mtu aliyezithibitisha?"

Nilimwambia kuhusu Jumanne. Ningeweza kunyamaza, karatasi yenyewe haikuwa na kasoro. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama kabla ya hapo, na hajaacha kabisa kunitazama hivyo.

"Itoe," alisema. "Na zake zote zitoe."

"Wiki mbili za mwanzo ni za kweli, mwalimu. Mzee aliziandika."

"Mzee aliandika kwamba mtu alipanda. Hakuandika alichokisoma. Zitoe."

Nilizitoa. Tasnifu yangu ilichelewa, kwa maana nililazimika kungoja msimu mwingine wa kiangazi na kupima tena, safari hii mwenyewe siku zote, baada ya kuomba ruhusa shuleni. Vumbi la machimbo lilijitokeza wazi, Jumatano kama siku nyingine, na watahini walilipokea bila maneno mengi. Mwenzangu hakufukuzwa. Alibadilisha mada na msimamizi, akahamia mambo ya mvua. Darasani tulikaa mbali.

Nilikutana naye mwaka jana, mchana, nje ya duka la dawa huko Donholm. Alikuwa bila kofia, nywele zimeanza kupungua mbele. Tulisalimiana vizuri. Aliuliza habari za Mama, nikauliza za kwao. Tukafikia mahali ambapo watu huagana, lakini hakuondoka.

"Zile wiki zangu mbili," alisema. "Ulizitumia?"

"Hapana."

"Zile nilizipima. Wiki mbili zile, naapa, nilipanda na nikapima."

"Najua."

"Sasa mbona hukuzitumia?"

Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu mwalimu na kanuni za kuthibitisha, nikaona hata kabla sijaanza kwamba angesikia neno moja tu: mwongo. Watu walikuwa wakipita katikati yetu na mifuko yao. Alingoja muda mfupi kuliko nilivyodhani angengoja, kisha akatikisa kichwa, akasema, "Poa, daktari," akaingia dukani.